Kipepeo Apollo alitowekaje milima ya Sudeti, na je, mayai ya kununua yatamrudisha?

*Swali: "Ninasoma kusini-magharibi mwa Poland, na mwisho wa wiki hupenda kupanda milima ya Sudeti. Nimesoma kwamba kipepeo Apollo wa milima hii alitoweka zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwa sababu wakusanyaji walimmaliza kwa nyavu. Lakini miamba bado ipo, maua bado yapo, na Juni iliyopita niliona kipepeo mkubwa mweupe kwenye uwazi wa msitu. Je, huenda hajatoweka? Na kama kweli ametoweka, kuna mtu mtandaoni anauza mayai ya Apollo kutoka nchi nyingine. Nikinunua mia moja nikayaweka kwenye mteremko wenye maua mengi, si atarudi?"*

Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama uliyemwona ni Apollo, kama ni nyavu zilizommaliza, na kama mayai mia moja yanatosha kumrudisha. Nitayafuata kwa mpangilio huo, ila nitakaa zaidi kwenye la pili, maana ukishaelewa kilichomwondoa, suala la mayai halitakusumbua tena.

Tuanze na uliyemwona. Apollo, Parnassius apollo kwa jina la kitaalamu, si rahisi kumchanganya na mwingine ukimwona kwa karibu. Akitandaza mabawa hufikia upana wa sentimita 6 hadi 9. Mabawa ni meupe kama chaki. Ya mbele yana matone makubwa meusi, na ya nyuma yana madoa mekundu ya mviringo yaliyozungushiwa weusi, mara nyingi na kitone cheupe katikati. Wekundu huo ndio kitambulisho chake. Katika Ulaya ya Kati huruka hasa Julai, na makazi yake ni miamba na miteremko inayopigwa na jua. Wewe ulimwona Juni, tena ndani ya msitu, na hukutaja wekundu wowote. Ninawashuku wawili. Wa kwanza ni ndugu yake wa karibu, Parnassius mnemosyne, anayeruka kuanzia Mei kwenye nyasi za kandokando ya msitu: hana wekundu hata kidogo, ana matone mawili meusi kwenye kila bawa la mbele, na ncha za mabawa yake hupenyeza mwanga. Wa pili ni Aporia crataegi, mweupe mwenye mishipa myeusi iliyojichora wazi, bila doa lolote. Safari nyingine piga picha ya mabawa ya nyuma, juu na chini. Picha moja kali ya bawa la nyuma inamaliza ubishi wote.

Hata ukiona wekundu, usikimbilie kutangaza kwamba Apollo wa kale amefufuka. Upande wa Poland kulifanyika jaribio la kumrudisha katika hifadhi ya Kruczy Kamień miaka ya 1990, na sasa mradi wa LIFE Apollo2020 unafanya kazi hiyo Poland, Ucheki na Austria. Apollo utakayemkuta leo Sudeti anaweza kabisa kuwa ametoka kwenye vizimba vya kufugia, au ni mzao wa waliotoka huko.

Sasa, neno "ametoweka" linahitaji kuwekwa sawa. Spishi yenyewe ipo hai. Utaikuta kuanzia Sierra Nevada ya Hispania, Alpi, Karpati na Skandinavia hadi Asia ya Kati. Kilichopotea ni jamii ya Sudeti, ambayo wataalamu waliipa jina la nususpishi (tawi la spishi linalopatikana eneo fulani), silesianus, na ambayo ilizimika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Apollo hana tabia ya kuhamahama mbali. Wengi huishi na kufa ndani ya mamia ya mita kutoka walipozaliwa, wachache huvuka kilomita moja au mbili. Kwa hiyo kila safu ya milima ilijitengenezea sura yake: hapa madoa makubwa zaidi, pale weupe uliofifia. Wakusanyaji walizipa sura hizo majina zaidi ya 200, na kwa maoni yangu mengi hayakustahili. Lakini jambo la msingi linabaki: ukileta Apollo wa Karpati Sudeti, unarudisha spishi mlimani, humrudishi yule aliyekuwapo. Jambo hilo lisemwe wazi tangu mwanzo ili mtu asijidanganye kuhusu kinachorudi.

Tuje kwenye nyavu. Simulizi la wakusanyaji lina ukweli ndani yake. Karne ya 19 Apollo alikuwa kipepeo wa kutamanika, akikamatwa, akibanwa kwa pini na kuuzwa. Na maumbile yake yanamponza: ni mzito, huelea polepole, hutulia muda mrefu juu ya ua, na jike lililojaa mayai huruka chini chini hata mtoto anaweza kulifunika kwa kofia. Isitoshe, dume akishajamiiana na jike humwachia kizibo kigumu chini ya tumbo kinachozuia madume mengine, hivyo kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu maishani.

Pamoja na hayo, nyavu peke yake hazielezi mambo mawili: kwa nini alitoweka hata pale ambapo kuzifikia jabali zenyewe kulikuwa shida, na kwa nini hakurejea baada ya wakusanyaji kuondoka. Jamii yenye majike mia kadhaa inavumilia kupoteza kumi au ishirini kwa mwaka. Jamii iliyobaki na majike kumi haivumilii. Swali la maana basi ni nini kilichoishusha kutoka mamia hadi makumi, na jibu lake utalipata ukimfuata kiwavi. Kipepeo anayeruka hatakuambia.

Jike hutaga mayai mia moja hivi, kimoja kimoja au kwa vifungu vidogo, karibu na chakula cha watoto wake: juu ya jiwe, kwenye kuvu wa mwamba, kwenye kijiti kikavu. Ndani ya wiki chache kiwavi huwa amekamilika ndani ya yai, lakini hatoki. Hulala humo majira yote ya baridi, chini ya theluji, na hutoka kati ya Machi na Mei kutegemea urefu wa mlima. Chakula chake ni mimea midogo yenye majani manene yanayohifadhi maji, ya kundi la Sedum na Hylotelephium, inayoota kwenye nyufa za mwamba. Kiwavi ni mweusi tii, mwenye manyoya mafupi kama mahameli na safu mbili za madoa ya rangi ya chungwa ubavuni. Weusi huo una kazi. Aprili hewa ya mlimani bado ni ya baridi, na mwili wa kiwavi hauwezi kusaga chakula bila joto. Kwa hiyo hujilaza juu ya jiwe lililopashwa na jua, akishapata joto hupanda kwenye jani, hula kwa haraka, kisha hurudi juani. Wingu likifunika jua, huacha kula na kujificha chini ya majani makavu. Maisha yake yote ya ukuaji ni mbio za kukusanya saa za jua kabla ya majira kupita.

Sasa weka kivuli juu ya jiwe lile. Si lazima msitu. Kichaka kimoja cha mita mbili upande wa kusini kinatosha. Mmea wa chakula hautakufa mara moja, na mpita njia atakuambia mimea ipo. Ila kiwavi aliyekuwa akipata saa sita za jua sasa anapata mbili. Anakua polepole, anabaki mdogo muda mrefu zaidi mbele ya buibui na ndege, ukungu unampata kwenye unyevu, na akifanikiwa kuwa pupa (hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo) hutokea kipepeo mdogo mwenye mayai machache. Hakuna aliyeuawa mbele ya macho ya mtu. Kila mwaka tu wanapungua.

Ndicho kilichotokea kwenye milima mingi ya chini ya Ulaya, Sudeti ikiwemo. Miteremko ile haikuwa wazi kwa asili pekee. Iliwekwa wazi na mbuzi na kondoo, na watu waliokata kuni na nyasi. Karne ya 19 misprusi, miti ya jamii ya misonobari, ilipandwa Sudeti kwa wingi kwa ajili ya mbao, na malisho ya miteremko mikali yakaanza kuachwa. Unaposema "miamba bado ipo, maua bado yapo", uko sahihi, lakini Apollo anahitaji vitu vitatu mahali pamoja: mwamba wenye jua tangu asubuhi mwezi Aprili, mmea wa kiwavi juu ya mwamba huohuo, na maua yenye mbochi mwezi Julai, hasa mibaruti na mengine ya zambarau, ndani ya mamia ya mita. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki ni mapambo.

Msitu ulipoziba nafasi kati ya mwamba na mwamba, ukaleta tatizo la pili. Jamii ndogo za vipepeo huzimika mara kwa mara kwa bahati mbaya tu: mvua ya wiki tatu mwezi Julai, au mwaka wa nyigu vimelea. Zamani mwamba uliozimika ulipata wageni kutoka mwamba wa jirani baada ya miaka michache. Utafiti uliofanywa Alberta, Kanada, kwa ndugu yake Parnassius smintheus ulionyesha kwamba vipepeo hao hupita kwenye msitu kwa shida zaidi kuliko kwenye uwanda wa wazi, hata umbali ukiwa uleule. Kwa hiyo kila mwamba wa Sudeti ukawa kisiwa, na kisiwa kilichozimika kikabaki kimezimika.

Hali ya hewa nayo ina mkono wake. Yai linalolala chini ya theluji limekingwa. Theluji ni blanketi. Majira ya baridi yenye vipindi vya joto huyeyusha blanketi hilo, kisha baridi kali hulikuta yai likiwa wazi. Kule Alberta imeonekana kwamba hali ya mwanzo wa majira ya baridi, hasa Novemba, huathiri sana idadi ya vipepeo wa mwaka unaofuata. Katika milima mirefu jamii inaweza kupanda juu zaidi kutafuta ubaridi. Katika milima mifupi kama Sudeti au Vosges ya Ufaransa, ambako Apollo alipotea miaka ya 1970, hakuna sana pa kupandia.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu: kufungwa kwa miteremko ndiko kulikomdhoofisha, upweke wa miamba ukamnyima msaada, na wavu, pale ulipokuja, ukawakuta wachache waliobaki. Anayewalaumu wakusanyaji peke yao anaacha chanzo kikiwa palepale, na chanzo hicho kitaua vipepeo wapya kama kilivyoua wa zamani.

Twende kwenye mayai yako mia. Fanya hesabu ndogo. Jike hutaga mia hivi. Kama jamii haiongezeki wala haipungui, maana yake ni kwamba kwa wastani, katika mayai ya jike mmoja, wawili tu hufikia kuwa vipepeo wanaozaa. Wengine wote huliwa, huoza, hufa njaa au huugua. Na huo ni mteremko mzuri. Mayai yako mia, yakiwekwa mahali bora kabisa, yatakupa vipepeo wawili. Wanaweza kuwa madume wote. Wakiwa dume na jike, madume hutangulia kutoka siku kadhaa kabla ya majike, na wawili hao hawana budi kukutana kwenye mlima mzima ndani ya wiki mbili au tatu za maisha yao. Mwaka wa pili unakuta mwamba mtupu.

Tena hiyo ni bila kutaja kasoro za mayai yenyewe. Huijui asili yao. Jamii nyingine zimezoea Sedum album, nyingine Hylotelephium, na viwavi wachanga waliopewa mmea usio wao mara nyingi hawakui vizuri. Mayai yaliyotoka kwenye mlima wenye majira tofauti huanguliwa wakati chipukizi za mmea hazijatoka. Mayai ya wafugaji waliozalisha ndugu kwa ndugu kwa vizazi kadhaa hubeba udhaifu wa kurithi, na yanaweza kuja na magonjwa. Huko Pieniny, upande wa Poland wa Karpati, ambako jamii ilikuwa imebanwa ikawa ndogo mno, walionekana vipepeo wenye mabawa yaliyopinda na hata wasio na mabawa. Ukiachilia mayai kama hayo karibu na mahali ambapo mradi unajenga jamii yenye afya, unaweza kuiharibu kazi ya miaka bila kujua.

Na sheria ipo wazi. Apollo yumo kwenye Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, yumo kwenye Kiambatisho cha IV cha Agizo la Makazi la Umoja wa Ulaya la 1992, na Poland inamlinda kikamilifu. Kumnunua bila hati na kumwachilia bila kibali ni kosa, hata nia ikiwa njema.

Sikuambii haya ili kukukatisha tamaa, maana kumrudisha kunawezekana. Pieniny mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki vipepeo takriban 20 hadi 30. Kuanzia 1991 walikata vichaka na miti iliyovamia miteremko, wakapanda mimea ya chakula, wakafuga viwavi na kuwaachilia, na idadi ikapanda tena hadi mamia. Štramberk, Moravia, huko Ucheki, Apollo wa asili alikuwa ameshatoweka mapema karne ya 20. Mwaka 1986 wakaletwa wa kutoka Slovakia, na jamii ikashika. Wamestawi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Wengi hushangaa, lakini machimbo ni mwamba mtupu, wenye jua, wenye sedumu kwenye nyufa, yaani kile hasa anachokihitaji kiwavi. Huko bonde la Mosel, Ujerumani, Apollo huishi kwenye kuta na miamba ya mashamba ya mizabibu. Pale dawa zilizonyunyizwa kwa helikopta ziliwahi kumshusha vibaya. Popote alipopona, kilichomwumiza kiliondolewa kwanza. Ndiyo maana mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wa 2013 kuhusu kurudisha viumbe unadai hilo kabla ya kuachilia mnyama yeyote.

Kama unataka kuwa na manufaa Sudeti, anza na mteremko mmoja na ukaukague ipasavyo. Nenda katikati ya Aprili siku ya jua. Simama kwenye mwamba saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uandike ni sehemu gani ina jua na ni mti upi unaotupa kivuli. Pima viwanja vya mita moja kwa moja, angalau ishirini, ukihesabu machipukizi ya sedumu katika kila kimoja na kuandika kama yako juani au kivulini. Jumla ya mteremko bila tofauti hiyo haina maana. Rudi Julai uhesabu maua ya zambarau ndani ya mita 300. Vipepeo wahesabu kwa kutembea njia ileile kwa mwendo wa polepole, ukihesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yako, kati ya saa nne na robo tatu asubuhi na saa tisa na robo tatu alasiri, joto likiwa nyuzi 13 au zaidi kukiwa na jua la kutosha, au nyuzi 17 kukiwa na mawingu, na upepo usiwe mkali. Siku isiyokidhi masharti hayo usihesabu, kwa sababu sifuri ya siku ya baridi huwadanganya wasomaji wa takwimu.

Kazi ya kufungua mteremko hufanywa majira ya baridi, kwa ruhusa ya mwenye ardhi na mamlaka. Vichaka hukatwa upande wa kusini kwanza, na matawi yote huondolewa. Yakiachwa juu ya mwamba yanatengeneza kivuli na mbolea, na nyasi ndefu zinafuata. Visiki huchipua tena, kwa hiyo asiyejipanga kurudi miaka mitatu au minne mfululizo asianze. Mbuzi wanasaidia sana, lakini wasiingizwe Aprili hadi Juni viwavi wakiwa chini, na Julai mibaruti iachwe ichanue. Msifyeke mteremko mzima mwaka mmoja. Gaweni vipande, ili makosa ya mwaka huu yasiwapate wadudu wote wanaoishi pale.

Kabla ya kugusa panga, wasiliana na Kurugenzi ya Mkoa ya Ulinzi wa Mazingira iliyoko Wrocław, inayoshughulikia Silesia ya Chini. Wao ndio watakaokuambia kama mteremko wako ni hifadhi, na wanaweza kukuelekeza kwa watu wa mradi, ambao huhitaji mikono ya kujitolea. Ukimwona Apollo mwenye wekundu, wapelekee wao picha, tarehe, saa na mahali, na angalia kama ana namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye bawa, kwa kuwa vipepeo wanaofuatiliwa mara nyingi huwekewa alama hiyo. Mahali halisi usipaweke hadharani mtandaoni. Wanunuzi wa vipepeo bado wapo. Na ule ukurasa wa muuza mayai, upeleke hukohuko.